Makorora hadi Maskati: Mwongozo kwa Anayeamini Saa Tano na Robo

Umekaa barazani hapo Makorora, simu mkononi. Umeandika mji wa kutoka, Tanga, mji wa kwenda, Maskati, ukabonyeza. Jibu limekuja kabla hujameza funda la kahawa: kilomita 3,800 na ushei, safari ya saa tano na robo. Tayari umeshapanga. Utasali alfajiri msikiti wa jirani, utaruka, na adhuhuri utakuwa umenyoosha miguu juu ya zulia la shangazi yako kule Al Khoud, halua mbele yako. Mwongozo huu ni wako. Usome kabla hujaaga mtu, maana Tanga ukishaaga hurudi nyumbani bila kuchekwa.

Kwanza uondoe dhana kwamba umedanganywa. Namba ile ni ya kweli, na hatari yake iko hapo hapo. Uongo mtu huushuku. Programu za aina hii zinajua kiwanja cha ndege cha Tanga kiko nyuzi tano na kidogo kusini mwa ikweta, na cha Maskati kiko nyuzi ishirini na tatu na nusu kaskazini, kimesogea mashariki. Chukua chungwa la Muheza, chomeka pini mbili, kaza uzi baina yake: hesabu yote ndiyo hiyo. Urefu wa uzi unagawanywa kwa mwendo wa ndege kubwa iliyokwisha tulia angani, kilomita 800 hivi kwa saa, kisha inaongezwa nusu saa ya kupaa na kutua. Hakuna mahali programu imeuliza kama ndege yenyewe ipo.

Haipo. Abiria hapakiwi Tanga akashushwa Maskati. Njia ya kurukia ya Tanga ni ya ndege ndogo. Ukiiuliza programu hiyo hiyo Tanga na Honolulu itakujibu kwa utulivu ule ule, na dakika itakutajia.

Chini ya kilomita utakuta namba nyingine mbili, maili 2,360 na kitu na maili za baharini 2,050 na kitu. Wapo wanaoipenda ya mwisho kwa kuwa ni ndogo. Haipunguzi safari wala nauli. Maili ya baharini ina mita 1,852, ndefu kuliko ile ya nchi kavu, na marubani wameirithi kwa mabaharia.

Angalia pia herufi. Kiwanja cha Tanga kwa lugha ya tiketi ni TGT. Ukiandika herufi nne za mwanzo ukabonyeza kwa pupa, unaweza kuletewa TNG, nayo ni Tangier, Morocco, ng'ambo nyingine kabisa ya bara hili. Kiwanja cha Tangier kimepewa jina la Ibn Battuta, mwana wa mji huo, na hapa watu wa Tanga tuna neno. Mwaka 1331 bwana huyu aliteremka na pwani yetu kutoka Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akaendelea na chombo hadi Kilwa. Hutoki Mombasa kwenda Kilwa kwa bahari bila kuiacha Tanga mkono wa kulia. Hakushuka. Kutoka Kilwa akapanda chombo hadi Dhofar, Oman. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka 690 iliyopita mgeni alitoka pwani hii akafika Oman bila kupitia Dar es Salaam. Alikuwa na bahati: Dar es Salaam ilikuwa haijazaliwa, Sultan Majid aliianza miaka ya 1860.

Tuje kwenye ndege zilizopo. Ndege za Tanga ni zile ndogo za injini moja, aghalabu Cessna Caravan, zenye viti vya watu kumi na wawili hivi, na safari zake ni za Pemba, Unguja na Dar. Pemba ni kilomita 84 hivi kwa mstari ulionyooka, na hapa peke yake programu inakosea kwa upande wa pili: inakupa dakika thelathini na sita, kwa sababu ile nusu saa yake ya kupaa na kutua imelipiwa tayari. Rubani wa Caravan anakufikisha kwa dakika ishirini na tano hivi, na mwendo wake haufiki nusu ya ule wa dege kubwa. Ni mahali pekee katika safari hii yote ambapo utafika mapema kuliko simu ilivyosema. Furahia, halitatokea tena.

Ukitazama ramani, njia ya mwenye akili ni hii: Caravan hadi Unguja, kilomita 127 hivi, halafu ndege kubwa. Oman Air imekuwa ikiruka Maskati kutoka Unguja na kutoka Dar kwa miaka. Usibishane na ramani. Bishana na mizani. Katika ndege ndogo unapimwa mzigo, na pengine wewe mwenyewe, na mzigo unaoruhusiwa mara nyingi ni kilo 15, tena katika mkoba laini usio na magurudumu. Kilo 15 zinamtosha mzungu mwenye kaptula mbili na krimu ya jua. Wewe unatoka Makorora.

Habari za safari yako zimeshapita mtaani. Hukumwambia mtu, ulimwambia dada yako tu. Jioni mama wa nyumba ya tatu anapiga hodi, mkononi ana kifurushi kilichofungwa kwa magazeti, mfuko, kanga kuukuu na kamba ya katani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia waenda Maskati. Kidogo tu hiki, cha mjukuu wako wa kufikia, hakina uzito."

Kifurushi kisicho na uzito kina papa mkavu wa kilo tatu. Anayefuata ana achari ya embe kwenye chupa ya mafuta ya kula, kifuniko kimebanwa kwa nailoni. Mwingine ana ng'onda, mwingine unga wa muhogo, mwingine ubuyu, na yupo ambaye ana mkeka wa harusi, mzima, umekunjwa una urefu wa mtu. Watoto wa Kiswahili wa Oman, wale ambao wazee wao walitoka huku kabla au baada ya 1964, wananunua kila kitu madukani kule isipokuwa harufu ya papa. Usikatae. Kukataa kifurushi Makorora ni kukata undugu, na ndugu hao ndio watakaokuzika.

Lakini fungua. Hili ni gumu kulisema kwa adabu, nalo lina njia yake: "Mama, naomba tukifungue pamoja nione kilivyokaa, nisije nikakiponda njiani." Atafungua mwenyewe, na hatakuwa na kinyongo. Unga mweupe usio na jina, majani makavu, mizizi ya dawa ya mgongo, tembe zilizotolewa kwenye pakiti zake, hivyo vyote vibaki Tanga. Afisa forodha wa Maskati hamjui mganga wako. Na mtu anayekuletea mzigo uliokwisha shonwa, akataka usafiri hivyo hivyo kwa kuwa mpokeaji atakufuata uwanjani, huyo mpe chai, umsindikize hadi njiani, mzigo wake ukiwa kichwani mwake.

Basi, mkeka na papa wameshakata shauri: utakwenda kwa basi hadi Dar, ukapande dege linaloruhusu kilo thelathini.

Basi linatoka stendi ya Kange. Ukiwa na akili utaondoka siku moja kabla ya ndege. Ukiwa na akili zaidi, siku mbili. Njia unaijua. Muheza, machungwa yanaingia dirishani. Segera, njia panda, wa Moshi wanashika kulia na wewe unaelekea Chalinze. Mkata. Mahali fulani baada ya hapo basi linasimama porini watu wakachimbe dawa, wanaume huku, wanawake kule, na kila mara kuna mmoja anayechimba dawa ya muda mrefu kuliko wenzake. Daraja la Wami. Vijiji vya mwendo wa hamsini, na trafiki mwenye tochi chini ya mwembe, ambaye dereva ameshajulishwa habari zake kwa taa na dereva aliyetangulia kukutana naye. Chalinze, Mlandizi, Kibaha, na hatimaye stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, iliyofunguliwa mwaka 2021. Lami hiyo yote ina kilomita 350 hivi. Kunguru angefika uwanja wa Dar kwa 200. Utafika saa ngapi? Swali hilo kwenye basi haliulizwi. Huulizwa tumefika wapi.

Zingatia upande uliokuwa ukielekea. Maskati iko kaskazini, na wewe siku nzima umekwenda kusini. Kiwanja cha Dar es Salaam kiko mbali zaidi na Maskati kuliko kile cha Tanga, kwa kilomita mia moja na sitini hivi, ambazo umezilipia wewe na papa wako. Kisha utapanda ndege, itageuza pua kaskazini mashariki, na kabla ya nusu saa kwisha mtakuwa mmelingana na Pemba. Ng'ambo ya Pemba, kwenye taa chache zile, ni kwenu. Rubani hatatangaza.

Haikuwa hivi siku zote. Wenye majahazi walikuja na kaskazi, wakauza tende na chumvi na papa wao, wakasubiri upepo ugeuke kuwa kusi kuanzia Aprili hivi, wakatweka wakarudi Arabuni. Walikaa baharini majuma kadhaa, ni kweli, na wengine hawakufika. Lakini nahodha aliyekuwa bandari ya Tanga hakuambiwa aende kwanza Mbezi Luis. Hata ndege, kuna wakati zilituheshimu: East African Airways, iliyoanza 1946 ikafa 1977 pamoja na Jumuiya ile ya kwanza, ilikuwa ikitua Tanga ikiunganisha Mombasa na Unguja. Siku hizi kitu kilichotengenezewa njia ya moja kwa moja kuja Tanga kutoka mbali ni mafuta ghafi, bomba la kilomita 1,443 toka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Mafuta hayo yatapashwa moto njia nzima yasigande, na hayatasimama Segera kula chipsi. Sina wivu nayo, nasema tu.

Atatokea mjuaji barazani akuambie upitie Mombasa. Msikilize, maana kwa umbali ana hoja: Mombasa ni kilomita 130 hivi kwa uzi wa chungwa, na angalau iko upande wa kaskazini. Mwambie tu akutajie na mpaka wa Horohoro, na foleni ya Lunga Lunga, na kadi ya manjano ya chanjo aliyoisahau kabatini, na kivuko cha Likoni na mkeka ule. Kisha akuambie ni ndege gani inayotoka pale kwenda Maskati bila kukupeleka kwanza Nairobi, Addis Ababa au Doha. Akinyamaza, agiza kahawa.

Sasa saa. Watu wengi zaidi wameachwa na ndege kwa sababu hii kuliko kwa foleni ya barabara ya Mandela.

Tiketi haijui saa za Kiswahili. Ikiandikwa 05:10 ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Si saa tano asubuhi, muda ambao wewe utakuwa unaoga. Namba isipozidi 6 ongeza sita. Ikizidi hapo ondoa sita mpaka 18. Juu ya 18 ondoa kumi na nane. Kijana wa shule atakuambia anajua. Mpe 00:40 umwone.

Na 00:40 ndiyo yenye mtego hasa. Tuseme tiketi inasema Ijumaa 00:40, na ndege za Ghuba zina tabia ya kuondoka usiku wa manane. Kijana anaelewa: Ijumaa usiku. Anakula mchana wake wa Ijumaa, anaswali, anaaga kwa nafasi, anafika uwanjani saa tatu usiku akiwa wa kwanza kwenye foleni, na anaambiwa ndege yake ilikwisha ondoka usiku wa kuamkia leo. Bibi yake, asiyepanda ndege maisha yake, asingekosea. Kwa bibi siku inaanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, yaani jioni ya Alhamisi inapozama. Ila usimwachie bibi tiketi zote: ikiandikwa Ijumaa 23:30, yeye ataelewa usiku unaoamkia Ijumaa na atakuwahisha kwa siku nzima, kwani atakupeleka uwanjani Alhamisi. Kwa hiyo baada ya saa sita usiku mfuate bibi, kabla ya saa sita mfuate mjukuu.

Maskati pia iko mbele yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya kila mji kwa desturi ya mji huo. Wakati wa kwenda, safari inaonekana imechukua saa sita na kitu. Wakati wa kurudi inaonekana ni saa nne na kitu. Kuna wazee wenye heshima zao wanaoapa kwamba ndege ikirudi hukimbia kwa sababu ya mteremko. Wahurumie.

Kuna abiria mmoja ambaye mwongozo huu hauna mzaha naye. Ni binti aliyekatiwa tiketi ya kwenda tu, na mtu aliyemjua kwa simu, kwa kazi ya nyumbani ambayo mshahara wake umetajwa kwa mdomo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilikusanya maelezo ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti zilizochukuliwa, saa za kazi zisizokuwa na mwisho, mishahara iliyopunguzwa au kutolipwa, na wengine vipigo. Mfumo wa kafala unamfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Kwa abiria huyu kilomita 3,800 za kwenda na kilomita 3,800 za kurudi si sawa hata kidogo. Mkataba upitie huduma za ajira za serikali, TaESA, na uwe umeandikwa kwa lugha anayoisoma. Nakala ya pasipoti ibaki kwa mama yake. Namba ya ubalozi wetu Maskati aijue kwa kichwa, kwa sababu simu nayo huchukuliwa. Wakala akikasirika kuulizwa haya, ameshajibu.

Kwa wewe mwingine, ambaye umekwenda kusalimia, umefika. Kiwanja cha Maskati kina jengo jipya lililofunguliwa 2018, refu kuliko barabara zote ishirini na moja za Ngamiani zikiunganishwa, au ndivyo miguu itakavyokuambia ukilivuka na mkeka begani. Shangazi atakupokea mlangoni, atakunusa, atasema umekuja na papa. Hatakuuliza safari ilikuwaje. Atauliza nani kafa, nani kaoa, na kwa nini umekonda.

Kurudi kuna sheria moja tu, nayo ni mablanketi. Hutaki. Tanga kuna joto, na hata mwezi wa Julai shuka linatosha. Lakini shangazi ameshanunua mawili mazito yenye picha ya simbamarara, na tende za kugawa, na halua kwenye bakuli za plastiki, na kandambili za watoto wote aliowakumbuka. Panga vyote ndani ya kilo thelathini, vaa koti ulilopewa usilipime. Kama ndege yako ni ya mchana, chagua dirisha la upande wa kulia. Mkikaribia Dar utaiona Pemba, na hewa ikiwa safi, mstari wa pwani nyuma yake.

Halafu Mbezi Luis, alfajiri. Wapiga debe watayaona mablanketi kabla hawajakuona wewe. Ukiwaambia umeyalipia uwanjani, umewaongezea bei. Kondakta wa basi la Tanga hana mizani na haitaki. Anasimama kando ya buti, anatazama simbamarara wa kwanza, anatazama wa pili, anakutazama wewe na koti lako katika joto lile, kisha anataja nauli ya mtu mzima.